Besi ya Kwanza ya Mpiga Solo: Kumi Hadi Moja

Kwa wapiga gitaa, Kalemie haina njaa. Kila kwaya na kila okestra ina mpiga solo, ina misolo, ina akompa wawili, na nyuma yao yupo mtoto wa jirani anayeomba Mungu mmoja wao apatwe na mafua. Anayekosekana ni mpiga besi. Siku akipata kazi Lubumbashi, au akivuka ziwa kwenda Kigoma kwa wiki moja na wiki ikageuka mwaka, macho ya kwaya nzima yanamwangukia mpiga solo. "Yaya, wewe unaweza nyuzi sita. Hizi nne zitakushinda?"

Niliulizwa hivyo, nikajibu kwa kununua besi. Tangu hapo wenzangu wa solo wanakuja nyumbani mmoja mmoja, jioni, kuuliza wanunue ipi. Nawajibu wote hapa kwa mpigo mmoja, na utani utakuwemo, maana mpiga solo na mpiga besi ni watani wa siku nyingi: mmoja anapigiwa makofi, mwingine anawainua watu vitini. Tunahesabu kuanzia jambo dogo hadi kubwa. Na mshike hili tangu mwanzo: gitaa ulivinunulia vidole vyako, besi unawanunulia watu watakaoisikia.

10. Rangi

Rangi haisikiki.

Najua kuna ile nyekundu inayong'aa, umeiona, hukulala. Isifu, halafu mwombe mwenye duka aigeuze. Nyuma, pale shingo inapoungana na mwili, tazama kama skrubu zote zipo na kama kuna uwazi unaoweza kupitisha ukucha. Ukucha ukipita, nyekundu hiyo mwachie anayetafuta pambo la ukutani.

9. Nyuzi ngapi

Mpiga gitaa akiona besi ya nyuzi sita moyo unamdunda: hii inafanana na yangu! Ndugu, hata kiboko na nguruwe wanafanana kwa mbali.

Chukua ya nyuzi nne. Ni mi, la, re, sol, majina yale yale ya nyuzi nne nene za gitaa lako, oktavu moja chini. Kwa hiyo usiku wa kwanza tayari unajua kila sauti inakaa wapi, na hilo ndilo fungu lako la urithi. Mpiga zeze hana bahati hiyo. Besi ya nyuzi tano inaongeza uzi mmoja mnene chini ya mi. Inafaa sana kwaya inapoteremsha wimbo hadi re au mi-bemol, na vijana wengi wa siku hizi hawashiki nyingine. Lakini uzi wa mi unatikisika mara 41 kwa sekunde, na ule wa tano mara 31 tu. Bafle ndogo za makanisani kwetu zikipewa hiyo 31 zinakohoa. Anza na nne. Wa tano hauna miguu, utaukuta.

8. Urefu

Azima futi ya fundi nguo uende nayo. Pima uzi kutoka kile kipande cha juu kinachoupitisha kwenda kwenye funguo, hadi kwenye daraja kule chini. Gitaa la umbo la Fender lina sentimita 64.8. Besi ya kawaida ina 86.4. Kwa maneno hutaelewa, kwa mkono utaelewa: kwenye gitaa, nafasi kati ya kipande kile cha juu na chuma cha kwanza cha shingo ni kama milimita 36. Kwenye besi ni 48. Vidole vinne ulivyozoea kuvipanga kila kimoja na nafasi yake vinakuwa kama watoto wanne wanaovushwa mfereji. Wa katikati analia. Ndiyo maana wapiga besi wengi, wakiwa upande huo wa juu wa shingo, wanatumia kidole cha shahada, cha kati na kile kidogo kushika nafasi tatu, na cha pete kinamsaidia mdogo wake kubonyeza.

Zipo besi fupi, za sentimita 76 hivi, na hazina aibu yoyote. Paul McCartney alikuwa mpiga gitaa kama wewe. Mwaka 1961, wakiwa Hamburg, Stuart Sutcliffe aliiacha besi ya kundi lao na mzigo ukamwangukia yeye. Akanunua Höfner yenye umbo la fidla, fupi na nyepesi, na mengine mnayajua. Kama mikono yako ni midogo, ichukue bila kuomba radhi. Tatizo langu na fupi ni la hapa hapa: zinahitaji nyuzi za kipimo chake, na huku kupata hata zile za kawaida ni safari. Mimi ningechukua ndefu.

7. Uzito

Besi nyingi zina kilo nne au zaidi. Dukani ukiwa umekaa, hizo kilo nne ni maneno. Kwenye mkesha wa kuamkia Pasaka, umesimama tangu saa tatu usiku, ni mtoto mgongoni ambaye hataki kulala.

Vaa mkanda, simama, halafu achia mikono yote miwili. Kama shingo inazama kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utakuwa mbeba mizigo kabla ya kuwa mwanamuziki. Irudishe. Na mkanda wenyewe uwe mpana, vidole vinne au zaidi.

6. Shingo na ziwa

Karibu kila besi inayofika Kalemie imesafiri kuliko mwenyewe atakayeipiga. Imekuja kwa boti kutoka Kigoma, au kwa reli ya Kabalo, au kwa ndege, au juu ya magunia kwenye lori. Ikishafika, inakaa kwenye hewa ya Tanganyika, na hewa hiyo ina unyevu wakati wa mvua kuliko mbao nyingi zinavyopenda. Shingo ya besi ni ndefu na nyuzi zake zinavuta kwa nguvu nyingi. Mbao zikinywa unyevu, shingo inapinda.

Njia ya kuikagua hii hapa, haihitaji fundi. Bonyeza uzi wa mi kwenye chuma cha kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye chuma cha mwisho kwa mkono mwingine. Sasa uzi huo umekuwa rula iliyonyooka. Mwenzako aangalie katikati, karibu na chuma cha saba au cha nane: uzi uko juu ya chuma kwa kiasi gani? Karatasi tatu au nne za daftari zikipita bila kulazimishwa, shingo ni nzuri. Kidole kikipita, imepinda kama upinde. Uzi ukilalia vyuma kabisa, imepinda kinyume, na kila noti itanguruma.

Kupinda peke yake hakukatazi kununua. Ndani ya shingo mna chuma kirefu cha kuinyoosha, na kinazungushwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Unachotaka kujua ni kama chuma hicho bado kinazunguka. Mwombe muuzaji akizungushe robo tu mbele yako. Akikuambia "hiyo haigusiki", basi na pesa yako nayo haigusiki.

5. Nyuzi zenyewe

Mpiga solo amezoea kubadilisha nyuzi kila zinapokatika. Nyuzi za besi hukatika mara chache sana. Zinazeeka taratibu, zinapoteza mlio, na seti moja mpya ina bei ya seti kadhaa za gitaa. Kwa hiyo unaponunua besi, uliza umri wa nyuzi kama unavyouliza umri wa ng'ombe.

Kama zimekufa, zipo njia mbili, na zote mbili ni za watu wenye akili.

Ya kwanza ni sufuria. Legeza nyuzi, zitoe, zikunje duara kubwa zisivunjike, zitumbukize kwenye maji yanayochemka. Dakika kumi hivi zinatosha. Utaona maji yanageuka kama chai ya jana, na juu yanaelea mafuta: hayo ni jasho la vidole, vumbi na ngozi ya wapigaji wote waliokutangulia. Zitoe, zikaushe kwa kitambaa safi hadi pasibaki tone, kisha zianike juani kabla ya kuzirudisha, kwa sababu maji yakibaki ndani ya mizunguko ya waya, kutu inaingia. Zikirudi kwenye besi zinalia kama vijana kwa muda fulani. Si daima, lakini arusi mbili tatu zitapita. (Sufuria hiyo iwe ya kazi hiyo tu. Mwenye jiko akikuta mafuta ya vidole kwenye sufuria ya ugali, utahama na besi yako.)

Njia ya pili ni kuuacha uzee uwe mlio wako. James Jamerson wa Detroit, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown miaka ya 1960, alitumia nyuzi laini, zile ambazo waya wake wa juu umesawazishwa, na alijulikana kwa kutozibadilisha ila uzi ukikatika. Mkono wa kulia alitumia kidole kimoja. Nyuzi laini zinachukua uchafu kidogo, hazikwaruzi vyuma vya shingo, na mlio wake ni mnene na mfupi, kama mtu anayegonga mlango wa mninga. Kwa rumba ya polepole sijapata kuona kitu kinachozishinda. Kwa sebene la haraka wengine wanataka zile zenye mikwaruzo zisikike juu ya ngoma. Hapo fuata kwaya yako.

4. Umeme

Hapa ndipo mji wetu unapochagua kwa niaba yako.

Besi nyingi sokoni, hata zenye majina usiyoyajua, ni nakala za mbili za Leo Fender: Precision ya mwaka 1951 na Jazz ya mwaka 1960. Kila mpiga gitaa ninayemjua anaitaka Jazz, na ninamwelewa. Kwa juu shingo yake ni nyembamba, milimita 38 hivi, inajaa mkononi kama gitaa. Ina sumaku mbili za kunasa sauti, na vitufe vya kuchezea. Mpiga solo bila vitufe anajiona uchi.

Sasa fikiria Jumapili yetu. Umeme unaotoka kwenye mtambo wa Bendera unakatika katikati ya wimbo. Papa mmoja anakimbia nyuma, anawasha jenereta, taa zinarudi nusu nusu. Sumaku moja ya Jazz ikiwa imefunguliwa peke yake inanasa kila kitu kilichomo hewani: jenereta, taa za mirija, waya zilizosokotwa nyuma ya mimbari. Mchungaji anaomba kimya kimya na besi yako inaomba naye, mmmmmm. Kwenye nyingi za siku hizi, ukizifungua sumaku zote mbili sawasawa, mngurumo unajifuta. Lakini hapo umepoteza vitufe ulivyovinunulia.

Precision, tangu ilipobadilishwa mwaka 1957, ina sumaku moja iliyogawanywa vipande viwili, na vipande hivyo vinafutiana mngurumo saa zote. Ina vitufe viwili tu: sauti, na ukali wa sauti. Hakuna cha kukosea. Mlio wake unakaa pale katikati, chini ya gitaa na juu ya ngoma kubwa, kama aliyetengewa kiti.

Kuna pia besi zinazotaka betri ya volti 9 ndani. Zina nguvu nzuri, sizikatai. Lakini betri ikiisha, nyingi zinanyamaza kabisa, na hazinyamazi nyumbani. Zinanyamaza bibi arusi akiwa mlangoni. Anayeichukua awe na betri ya pili mfukoni, na achomoe waya wa jeki kila akimaliza kupiga, kwa sababu ukiuacha umechomekwa betri inaliwa usiku kucha.

3. Bafle

Gawanya pesa yako mafungu mawili kabla hujatoka nyumbani. Moja la besi, moja la ampli na bafle. Mpiga gitaa hapendi kusikia hili, kwa sababu kwake ampli anayo tayari, ipo kona ile, ina spika ya inchi kumi, inafanya kazi vizuri.

Ndugu yangu, iache kona ile ile.

Nililiona kwa macho yangu kwenye arusi moja. Ampli ya gitaa iliazimwa kwa ajili ya besi, na nyimbo mbili za mwanzo zilikwenda vizuri kwa sauti ndogo. Watu wakaanza kucheza, kelele ikapanda, mpigaji akapandisha na yeye. Karatasi ya spika ya gitaa ni nyepesi, imetengenezwa kukimbia haraka na kwa safari fupi. Noti ya chini ya besi inaisukuma mbele na kuirudisha mbali kuliko inavyoweza kwenda. Ukitazama kwa karibu unaiona ikipumua kama koo la chura. Wimbo wa tatu ilipasuka kwenye ukingo, ufa wa urefu wa kidole, na kuanzia hapo kila noti ilikuwa na mtu anayekanyaga majani makavu. Mwenye ampli alikuwa mpiga solo. Alipiga usiku mzima akiwa amekunja uso, na sikumlaumu.

Kwa sauti ya chumbani, kujifunza tu, tumia ampli yako ya gitaa, haitakufa. Ukitoka nje, tafuta bafle ya besi yenye spika nzito, au omba fundi mitambo wa kanisa akuingize moja kwa moja kwenye mikseri kama bafle zake kubwa zina uwezo. Besi ya bei ndogo kwenye bafle nzuri inachezesha watu. Besi ya bei kubwa kwenye bafle mbaya inamchezesha aliyeinunua tu, tena kwa hasira.

2. Gumba

Hili nalipenda kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie.

Watu wa Katanga ya zamani, ambayo Kalemie ilikuwa ndani yake hadi mkoa wa Tanganyika ulipozaliwa mwaka 2015, wamekuwa na besi mkononi kabla ya kuwa na besi dukani. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, leo Likasi, akipiga "Masanga". Mtu mmoja, gitaa moja. Kidole cha shahada kinaimba juu, gumba linatembea chini. Sikiliza gumba peke yake: anaacha nafasi, anajibu, hapigi mahali pasipomhitaji. Huyo ndiye mpiga besi wako wa kwanza, na kama umejifunza gitaa kwa wazee wa huku, gumba hilo unalo, umelisahau tu tangu ulipoanza kukimbilia chini ya shingo kutafuta makofi.

Na njia ya kutoka gitaa kwenda besi imekwishakanyagwa. Armando Brazzos alikuwa mpiga gitaa wa OK Jazz. Mwaka 1960, African Jazz ya Kabasele ilipokwenda Brussels wakati wa mazungumzo ya uhuru, aliongozana nao akashika besi, pembeni ya Docteur Nico na Dechaud. Safari hiyo ndiyo iliyotoa "Indépendance Cha Cha". Hakuna aliyesema ameshushwa cheo. Miaka ya baadaye, OK Jazz ya Franco ilikuwa na Decca Mpudi chini. Muweke masikioni wiki nzima kabla hujafungua pochi.

Basi dukani fanya hivi. Mediatori iache nyumbani. Wapo mabingwa wanaopigia mediatori, lakini wewe nayo utarudi kuwa mpiga solo ndani ya dakika moja. Usipige haraka. Piga noti moja, la, kwa vidole viwili, ukihesabu nne, na uiache ife yenyewe. Sikiliza inavyokufa. Kwenye besi nyingine noti inazimika mahali fulani pa shingo kama taa iliyopulizwa, na ya chuma kinachofuata iko hai. Pita chuma kwa chuma uitafute. Kisha mchukue mpiga ngoma, hata kama ni mtoto anayepiga meza, mpige rumba moja ya polepole mwanzo hadi mwisho. Kama ukiwa na besi hiyo unatamani kujaza kila nafasi, jaribu nyingine. Kuna besi zinazokufanya utulie, na utaijua.

1. Masikio ya mlangoni

Wimbi la sauti la ile mi ya chini lina urefu wa zaidi ya mita nane. Kanisa dogo linaweza kuwa na upana mdogo kuliko wimbi lenyewe. Ndiyo maana besi inajikusanya kwenye pembe na kwenye kuta, na kuna benchi katikati ambalo mtu akikaa anadhani mpiga besi amesinzia. Wewe uliyesimama mbele ya bafle ndiye shahidi mbaya kuliko wote.

Kwa hiyo usiichague wewe. Mpe mwingine apige, wewe toka.

Nilikuwa na mbili za kuchagua. Moja ilikuwa nyekundu, nyembamba, tamu mkononi. Nilikuwa nimeshaanza kuizoea. Nyingine ilikuwa ya kahawia, imechubuka kiwikoni, shingo nene. Mwenye nazo alikubali nizijaribu kanisani kwetu mchana, umeme ukiwepo. Nikampa kijana wa akompa noti nne, la, re, mi, la, nikamwambia azirudie bila kuongeza kitu, kwanza kwa moja, halafu kwa nyingine, asiniambie ameanza na ipi.

Nikavuka barabara. Mama mmoja alikuwa amekaa pale juu ya kiti kifupi cha mbao, ungo wa ndagala mbele yake, anafukuza nzi kwa kipande cha katoni. Nikasimama karibu naye. Besi ya kwanza ikaanza. Niliisikia, ilikuwa safi, na mama aliendelea na nzi wake, na mteja akaja akapimiwa kikombe akaondoka. Kimya kidogo. Kisha ya pili ikaanza, la, re, mi, la, na kabla raundi haijaisha mama alishusha kipande cha katoni, akaweka kiganja kwenye ukingo wa kiti chake.

"Papa," akaniuliza, "hicho wanachopiga sasa ni nini? Kinaingia mpaka kwenye kiti."

Nikavuka kurudi ndani. Kijana alikuwa ameshika ya kahawia.